Ndege Tuliowafukuzia Upande wa Chini

Mpanda, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Skola,

Familia ya Mama Skola, muuza mchele wa sokoni Mpanda, inasikitika kutangaza kifo cha zipu ya begi jeusi, kilichotokea leo alasiri chumbani baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu ameacha mdomo wazi. Habari ziwafikie mjomba wako Desi, aliyelinunua begi hilo mnadani akaapa kuwa ni la Ulaya, shangazi zako wote wa Usevya, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Msiba hautakuwepo. Nimeshalishona kwa uzi wa gunia.

Sababu ya kifo naijua, maana nilikuwa nimepiga goti juu ya marehemu. Ni ile riwaya yako. Makaratasi yote yale umeyafunga kwa mpira wa baiskeli, ukayalaza juu ya nguo, halafu ukaenda kuaga rafiki zako. Nikayatoa ili begi lipumue. Najua ulisema nisisome mpaka kiwe kitabu, na mimi sikukusudia kusoma. Niliyashika tu, na macho yakawa hapohapo.

Kwa hiyo barua hii haitakuambia uchemshe maji, wala uweke nauli kwenye soksi. Hayo nimekuimbia tangu uko darasa la tatu. Kama hayajaingia, leo hayataingia. Nina jambo moja tu, na linahusu Kanoni.

Nimemaliza kusoma yote. Watoto wa Reli na Watoto wa Sokoni, wanavyogombea kile kiwanja, wanavyoitana majina, nimecheka peke yangu mpaka jirani akauliza kama nina mgeni. Halafu huyu Kanoni, mtoto wa Reli, siku moja anawahamia wale wa Sokoni na kuwaonyesha stoo ambamo wenzake wanalala. Mapanga yanatoka, mwenzake Jofu anapoteza jicho. Hapo sikucheka. Nilimjua Kanoni tangu ukurasa alioingia, kabla hujamtaja jina. Anavyotembea kidole gumba kikiangalia nje. Anavyofuta mikono kwenye suruali kabla ya kusalimia, hata ikiwa safi. Usinibishie, mama. Huyo ni mjomba wako Desi, umembadilisha shati tu.

Kumwandika mjomba wako si kosa. Yeye mwenyewe anajua, na anajivunia. Pale gereji kwake hakuna bodaboda aliyepita wiki hii bila kuambiwa. Juzi nimempelekea chai nikamkuta ameshika spana hewani kama padre ameshika kengele: "Huyu mpwa wangu kaniandika kitabuni. Nyie endeleeni kuandikwa kwenye vitabu vya trafiki." Wenzake wakamwuliza kama amekisoma. "Nitakisoma kikitoka. Mambo mazuri hayasomwi nusunusu."

Sasa nieleze, atakapokifungua atakutana na nini? Atakutana na ile sura ya kwanza mpya, uliyoiandika baada ya mhariri wako wa Dodoma kupiga simu. Nilisikia mazungumzo yote; simu yako ina sauti ya kuhutubia mkutano. Yule dada alisema kijana anageuka ghafla mno, msomaji hajaandaliwa, weka kisengere mbele. Nilidhani ni sehemu ya cherehani. Baadaye ukanieleza kwamba ni kudokeza mapema jambo litakalokuja, na nikaona ni neno zuri. Wewe ukaingia chumbani, ukatoka na sura ambamo Kanoni, mtoto mdogo wa kuchunga vifaranga, anamshika shomoro na kumng'oa miguu, mmoja baada ya mwingine, huku akitabasamu.

Desi hakuwahi kung'oa mguu wa ndege. Na kama kuna watoto Tanzania hii waliokuwa na sababu ya kumng'oa ndege miguu, basi ni sisi.

Ulisikia habari za Desi kwenye misiba na harusi, na kwenye misiba na harusi watu wanasimulia vipande vinavyochekesha. Acha nikupe kitambaa kizima, mimi niliyekuwepo.

Unajua mpunga wa kwetu Mpimbwe ukianza kuiva, ndege wanakuja. Kwelea kwelea hawaji kama kuku wa jirani, mmojammoja kwa aibu. Wanakuja kama moshi wa tanuri, wanageuka pamoja, wanashuka pamoja, na wakiinuka unaona mabua yamesimama wima hayana kitu. Msimu huo watoto wote tulikuwa kazini kuamia, kuwafukuza ndege. Tulijenga vilingo vya miti, tukavuta kamba zenye madebe na makopo kutoka kilingo hadi kilingo, tukafinyanga vidonge vya tope na kuvianika kwa ajili ya kombeo. Tangu jua linachomoza hadi linazama, kazi yako ni kupiga kelele, na kwetu chakula ilikuwa mpaka jioni. Mimi nilifanywa kiongozi wa watoto wa upande wa juu kwa sababu hiyohiyo. Sauti hii unayoilalamikia ndiyo iliyonipa cheo.

Ng'ambo ya mfereji walikuwa watoto wa upande wa chini. Kiongozi wao aliitwa Mado, mvulana mwenye mapengo aliyeweza kupiga mluzi kupitia mapengo hayo mpaka mbwa wakakaa chini.

Wakubwa walikuwa na sheria yao, na hawakuiandika popote. Ndege unamfukuzia porini, kule kwenye matete, hata kama ni mbali na koo limekauka. Humfukuzii jirani. Nimewaona wazee waliosameheana mambo ya wake wakakataa kusameheana hilo. Lakini sisi tulikuwa watoto, matete yalikuwa mbali, na upande wa chini ulikuwa hapa tu, mfereji mmoja. Siku ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, ndege waliinuka kwetu wakashuka kwao. Tukaona inavyopendeza. Siku ya pili tukatunga na wimbo.

"Wa chini, pokeeni wageni! Wageni hawana mkeka!"

Nao wakajibu: "Wa juu mna midomo, mikono mmeacha kwa mama zenu!"

Wakaturudishia walewale ndege. Basi ikawa vita, mwanangu, vita ya kurushiana ndege, asubuhi wetu, mchana wao, na wenye faida walikuwa ndege tu, maana popote walipotua walikuta chakula.

Sasa sikiliza kosa lililofanyika, maana hili hukuliandika na sidhani kama mtu wa Dodoma angeweza kulibuni. Kwetu shamba la mtu halikai mahali pamoja. Una jaruba huku juu, una lingine kule chini ulilorithi, una kipande cha mchanga ambacho hata hukipendi. Bibi yetu, mama yake baba, alikuwa na majaruba kule chini, katikati ya watu wa akina Mado. Baba alimpeleka Desi akayaamie. Alikuwa mdogo, hajaota hata sharubu za kutania. Na mimi dada yake nilikuwa juu ya kilingo, naimba, naongoza jeshi, nawapeleka ndege kwenye mpunga wa bibi yangu mwenyewe. Wanapotua tunashangilia. Hakuna aliyetudanganya. Tulijua majaruba yale ni ya nani. Ukishagawana pande, macho yanaona pande tu.

Jioni moja Desi akapanda kilingoni kwangu, miguu yote tope.

"Dada, ndege wenu wamemaliza kona nzima ya bibi."

"Piga kelele. Mdomo si unao?"

"Napiga. Niko peke yangu kule."

"Basi piga mara mbili, utakuwa wawili."

Wenzangu wakacheka mpaka kilingo kikayumba. Nilijiona mjanja sana. Desi naye akacheka kidogo, akashuka.

Wewe mwandishi, hapo ndipo ningependa umfuate. Usimtazame usoni, uso haukuonyesha kitu. Fuata alivyoishi siku zile zilizofuata. Aliacha kuimba ule wimbo wetu wakati wa kurudi nyumbani, nikadhani amechoka. Kombeo lake lilikatika, kesho yake akaja nalo limefungwa kwa fundo la watu wa chini, lile bapa. Nikamwuliza nani amekufungia. "Nimefunga mwenyewe." Nikamsifu! Nilisema mtoto anajifunza. Kisha akaanza kupiga mluzi kupitia meno, vibaya, mate yanaruka, na mama akamwambia aache maana anaita nyoka.

Hivyo ndivyo visengere mbele vyangu. Vyote vilipita mbele ya macho haya na hakuna hata kimoja kilichokuwa na damu. Kila kimoja siku yake kilikuwa jambo la kawaida kabisa la mtoto. Ukimwonyesha msomaji shomoro anayeng'olewa miguu, umemwambia: huyu ni mbaya, subirini. Ataacha kumtazama, atakaa tu anasubiri. Lakini ukimpa fundo la kombeo ataliona na kulipita, kama nilivyolipita mimi, halafu siku ya mapanga atalikumbuka na roho itamwuma kwamba aliliona.

Madebe yetu tulikuwa tunayakusanya kila jioni na kuyaficha kwenye kichuguu kilichotoboka, nyuma ya mgunga. Pahali hapo tulipajua sisi wa juu tu, na Desi kwa kuwa alikuwa ndugu yangu. Asubuhi moja tukakuta kichuguu kitupu. Hakuna debe, hakuna kamba. Ndege wakaja kwa wakati wao kama wafanyakazi wa serikali wasivyofanya. Tulipiga makofi, tulivua nguo tukazipunga, mimi nililia na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Jua lilipopanda, upande wa juu ulikuwa umekwisha.

Tulikwenda mferejini na makombeo, safari hii kwa mawe, si vidonge vya tope. Wao walikuwa wanatungoja, na madebe yetu wameyavaa shingoni kama kengele. Desi alikuwa katikati yao, kando ya Mado. Niliita jina lake mara moja. Nani alirusha kwanza sijui, na anayekuambia anajua ni mwongo. Ninachojua ni hii alama kwenye nyusi yangu, uliyokuwa ukiigusa wakati unanyonya. Jofu wako amepoteza jicho. Mimi lilibaki kwa upana wa kidole. Hapo umeongeza chumvi, na haki hiyo unayo.

Baba alimwuliza Desi mbele ya ukoo mzima kama ndiye aliyeonyesha kichuguu. Akasema ndiyo. Akaulizwa kwa nini. Akatazama chini. Wakangoja, wakachoka, wakaanza kumjibia wenyewe. Mmoja akasema ana roho mbaya, mwingine akasema alizaliwa hivyo, na mama mdogo akakumbuka kwamba hata tumboni aligeuka. Mpaka leo ndiyo hivyo. Kwenye harusi ya binamu yako ulisikia walipokuwa wanatafuta mtu wa kushika ufunguo wa stoo ya soda: "Asipewe Desi, atawaonyesha watu wa chini." Watu wakafa kwa kicheko. Je, ulimwona nani alicheka wa kwanza? Yeye. Amejifunza kutangulia.

Hiyo hukumu ya ukoo imekuwa ya mdomo miaka yote hii, na ya mdomo ina unafuu wake, watu wakilewa wanaisahau. Wewe unataka kuipiga chapa.

Usidhani namtetea kwa sababu ni ndugu yangu. Alikosa. Tulilala njaa msimu ule kwa ajili ya kichuguu kile, na jiwe ni jiwe. Sikuombi umsafishe Kanoni, mwache awaonyeshe stoo, mwache Jofu apoteze jicho. Nakuomba umpe kitu anachokitaka. Mtu haamki asubuhi akanawa uso akasema, leo nitasaliti. Anaamka anataka kitu fulani, kidogo, kilichoko upande wa pili wa mfereji. Mimi nimekaa na jambo hili muda mrefu, kule sokoni mchele haununuliwi kila saa, na nimefikia hapa: Desi alihama siku ile nilipomwambia apige mara mbili. Alikuja kuomba mtu wa kusimama naye, tukampa kichekesho. Mado akampa fundo la kombeo. Huo ndio uchungu uliomhamisha. Uweke huo kwenye kitabu chako, uone kama Kanoni hatasimama mwenyewe.

Kubandika sababu haraka ni ugonjwa wa ukoo, na mimi sikupona. Unakumbuka kidato cha pili, ulipokuwa unachelewa kurudi? Mimi sikuuliza. Nilishajibu: ni mvulana. Nikampa hata kimo na kabila. Jioni moja nikajifunga khanga, nikakufuata kwa kujificha nyuma ya magunia na mikokoteni, mwanamke wa umri wangu, mpaka gereji kwa Desi. Nikakukuta umekaa juu ya tairi, mdomo wazi, unasikiliza bodaboda wakisimulia walivyogombea kijiwe na wale wa stendi. Mmoja akaniona.

"Mama Skola! Umekuja kuchukua mtoto au kuweka upepo?"

"Nimekuja kuweka upepo."

"Kwenye nini, mama? Huna hata baiskeli."

Nilirudi nyumbani bila neno, na wewe ukadhani mama yako ni mwelewa. Kumbe nilikuwa natafuta mahali pa kumweka yule mvulana niliyemtunga, maana nilikuwa nimeshamchukia kikweli. Na wewe ulikuwa unakusanya Watoto wa Reli.

Hata kuondoka kwako ulinidokezea, na dokezo lilikuwa dogo kama lile fundo. Mwaka jana ulianza kumwita paka wetu "paka wa mama". Nikasema moyoni, huyu anahama. Barua ya chuo ilikuwa haijafika.

Basi nimeamua, na hapa sitanii. Ile sura ya kwanza nimeitoa. Makaratasi mengine yote yamo begini kama ulivyoyapanga, nimeyafunga kwa ule mpira wako. Sura ya shomoro imebaki Mpanda. Utaligundua hilo mkifika mbali, wakati dereva hawezi kugeuza basi kwa ajili ya shomoro. Ukikasirika, kasirika, una haki na simu ina salio. Ukiitaka nitaipeleka stendi mwenyewe, nitaikabidhi kwa kondakta, nitalipia kifurushi. Lakini sharti moja. Kabla sijaitoa, utanipigia na kuniambia kijana huyo alikuwa anataka nini. Ukinijibu "alikuwa mbaya tu," itaendelea kukaa hapa mpaka uzeeni kwangu. Yule dada mhariri mwambie mama yako ni mkorofi. Atakuelewa, naye ana mama.

Mimi naishia hapa kwa sababu kalamu inakwaruza na wewe nasikia unafungua geti. Nenda, mwanangu. Andika. Ukituandika, tuandike na tope miguuni, ila tuulize kwanza.

Ni mimi mama yako, kiongozi mstaafu wa upande wa juu.

*

Skola, naongeza haya hapa chini maana wewe umeingia kuoga na mjomba wako amepita kuuliza basi linaondoka saa ngapi, atakuja kukubebea mzigo. Alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono kwenye suruali. Nikaona nimejaza karatasi zote hizi kukufundisha kuuliza, na mimi tangu siku ile ya mferejini sijawahi kumwuliza. Nikamwuliza.

"Desi, wale wa chini uliwahamia kwa nini?"

Hakutazama chini safari hii. Alinishangaa, kama mtu aliyeulizwa jina la baba yake.

"Dada, wale mchana walikuwa wanapika."